Tisa Baada ya Kumi

Mtoto wa PP1 anajua tisa inatangulia kumi. Kompyuta pia inajua, bora umeiambia kwamba hizo ni nambari. Ukiziweka kama maandishi, itazipanga vile kamusi hupanga maneno: 1 iko mbele ya 9, kwa hivyo 10,000 inatangulia 9,000.

Nilipata hii kitu kwa sacco moja ndogo, wengi wao akina mama wa soko. Ukitafuta wenye deni la zaidi ya 9,000, wa 10,000 hatokei. Halafu mfumo ulikuwa unajikokota. Foleni inafika mlangoni, mama ameacha nyanya zake na jirani, anangoja tu kuambiwa akiba yake. Ilikuwa imeamuliwa wachangishwe mashine mpya.

Shida haikuwa mashine. Bila faharasa, hifadhidata husoma rekodi zote, moja baada ya nyingine. Ukiwa na milioni moja zilizopangwa, unakata nusu, unakata tena, na kwa hatua kama 20 umefika. Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakiwa Boeing, waliandika mwaka wa 1970 kuhusu mti wenye matawi mengi, ambao hufika kwa hatua chache zaidi. Mpaka leo hifadhidata nyingi zinautumia.

Tukageuza safu za pesa kuwa nambari halisi. Za simu tukaziacha maandishi. Ukizigeuza, sifuri ya mbele inapotea, na hakuna anayejumlisha nambari za simu.

Mweka hazina akasema, "Kijana, anza na safu ya deni. Nataka wadaiwa watokee haraka."

Nikamwambia, "Mama, faharasa si ya bure. Rekodi ikiingia ama ikibadilika, nayo lazima irekebishwe." Deni hubadilika kila mtu akilipa, na orodha ya wadaiwa inatakiwa mara moja kwa mwezi. Hiyo inaweza kutafutwa usiku, watu wakiwa wamelala. Nambari ya mwanachama haibadiliki, na inaulizwa kutwa nzima.

Hapo ndipo niliona kwamba kuchagua safu ni kuchagua nani asingoje: anayedai ama anayeuliza akiba yake.

Alinyamaza kidogo, akaangalia foleni. "Basi anza na wao."

Mchango wa mashine ukafutwa. Siku hizi mama anataja nambari yake, na kabla hajafungua kibeti, akiba iko kwa skrini.