Tumelala kwa watu, na watu wanalala kwetu

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya vituo vya watu wasio na makao: kulala humo, na kupeleka msaada humo. Tumekubali kwa sababu sisi, mume na mke, tumekuwa pande zote mbili. Tumelala, tena zaidi ya mara moja. Na tumepeleka mizigo. Anayepeleka na anayelala wanatazamana, lakini kuonana ni jambo lingine.

Kwanza historia kidogo, maana watoto wetu wanadhani Nakivale ilianza siku tuliyoshuka sisi kwenye lori. Makazi haya yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, yakatangazwa rasmi 1960, na wa kwanza kuyajaza walikuwa Wanyarwanda. Na kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uganda ilipokea maelfu ya Wapolandi, wakawekwa Koja karibu na ziwa Victoria na Nyabyeya kule Masindi. Ndiyo, wazungu wakimbizi! Ukiwaambia vijana hawaamini. Hapa Uganda, tena chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, mtu hafungiwi ndani ya uzio. Anaandikishwa, anapewa kipande cha ardhi, anajenga. Kwa hiyo kituo cha kupokelea wageni ni pa kupita tu. Lakini muulize yeyote aliyepita, atakusimulia zile siku chache kuliko miaka kumi iliyofuata.

Sisi tulitoka Rutshuru mwisho wa mwezi wa kumi 2008, CNDP walipouchukua mji. Tukavuka Ishasha na watoto wawili, kikwembe kimoja cha kumfunga mdogo mgongoni, na bidoni ya maji. Sufuria ilibaki jikoni na maharage yake ndani. Baada ya siku nyingi malori yakatuleta Nakivale.

Tulilala katika ukumbi mrefu, ubavu kwa ubavu na watu tusiowajua. Anayepeleka nguo mchana haoni usiku wa ndani humo. Mtoto mmoja akikohoa, ishirini wanaamka. Mzee anaota anaita jina la mtu, na kila mtu anajua huyo mtu amekufa, hakuna anayesema. Kwenda choo usiku na mtoto wa kike ni safari: nani abaki kulinda vitu? Vitu vyenyewe ni blanketi mbili na sahani, lakini ndiyo mali yote. Viatu unalala navyo chini ya kichwa. Mke wangu (hapa anaandika baba) alikaa siku nne bila kuvua nguo kwa sababu hapakuwa na pazia. Na mimi (hapa anaandika mama) naongeza: damu ya mwezi ilinikuta humo, nikachana kipande cha kikwembe cha mtoto. Hakuna aliyeuliza. Watu walileta sabuni, walileta nguo, Mungu awabariki, lakini jambo hilo hakuna aliyelikumbuka.

Juu ya nguo tuseme ukweli. Zilifika marobota, na ndani yake koti zito la baridi ya Ulaya, viatu vya kisigino virefu, na siku moja viatu vinne vyote vya mguu wa kushoto. Tulicheka mpaka tukalia. Koti lile hatukulitupa, lilikuwa mto wa kulalia kwa miaka. Lakini kama tungeulizwa tungesema: kufuli dogo. Kamba ya kutundika pazia. Kijiti cha chumvi, kiberiti, kandambili, beseni lenye mfuniko. Mfuniko jamani! Ukiwa na mfuniko una chakula cha kesho. Usipokuwa nao una chakula cha nzi.

Halafu kuna jambo la picha. Siku moja walikuja wageni wa shirika fulani, hatulitaji, wakatupanga foleni. Kila mama alipewa mche wa sabuni, akaambiwa asimame, aushike juu, acheke. Waliokuwa hawacheki vizuri walirudiwa. Sabuni ilifulia vizuri, hatukatai. Lakini jirani yetu mmoja, mwalimu aliyefundisha miaka mingi kule kwetu, aliirudisha sabuni kwenye boksi akaenda zake. Wengine walisema ana kiburi. Sisi mpaka leo tunabishana nyumbani juu ya huyo mwalimu. Mmoja wetu anasema alifanya sawa, mwingine anasema watoto wake walikuwa wachafu wiki nzima.

Sasa twende Ruharo, maana huko ndiko tulikojifunza namna nyingine.

Mwaka 2014 mtoto wetu wa tatu, aliyezaliwa hapahapa Nakivale, alionekana ana weupe katikati ya jicho. Mtoto wa jicho kwa mtoto wa miaka miwili. Sisi tulidhani ni ugonjwa wa wazee. Tukaelekezwa Ruharo, kile kilima cha Mbarara chenye kanisa kuu la Mtakatifu James na hospitali ya misheni ambayo watu wa magharibi yote ya Uganda wanaijua kwa macho. Kutoka kwetu mpaka Mbarara ni zaidi ya kilomita 50. Nauli tuliipata kwa kuuza mahindi. Pa kulala hatukupafikiria kabisa.

Mnajua hospitali za huku: mgonjwa ana kitanda, anayemsindikiza ana mkeka wake na sufuria yake. Unampikia mgonjwa, unafua, unalala chini. Mkeka tulikuwa nao. Sufuria hapana, tulikuwa tumewaachia watoto wakubwa nyumbani. Usiku wa kwanza tulinunua chapati mbili barabarani, tukaona pesa itaisha kabla ya bandeji kutolewa.

Asubuhi akaja mama mmoja Mnyankole, mtu mzima, mkazi wa jirani. Alituamkia "Agandi", tukajibu "Nimarungi", na Kinyankole chetu kikaishia hapo. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Hakutuuliza tumetoka kambi gani wala tumekimbia nini. Aliuliza mtoto amekula? Kisha akaleta sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na akasema kwa kidole na kwa maneno: hii si yenu. Mkiondoka mtampa yule atakayekuja bila sufuria, au mtanirudishia mimi.

Ndani mlikuwa na bushera, uji wa mtama wa kule Ankole. Uji uliisha siku hiyohiyo. Lakini sufuria! Tulikaa nayo siku kumi na moja. Tulipika ndani yake matoke, tulichemsha maji ya kumwoshea mtoto, na jioni tuliiazima kwa bibi mmoja wa Bushenyi aliyekuwa na mjukuu wake. Naye akatuazima wembe, na chumvi. Mtu aliyekuwa na simu akawa anatuazima simu. Siku ya tano tulikuwa tunajuana wote kwa majina ya watoto wetu. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuazima lazima arudi, na akirudi lazima mseme neno. Mche wa sabuni ukishapewa umepewa, aliyekupa haoni sababu ya kukuona tena. Tunasema hivi si kwa kudharau sabuni.

Siku ya kuondoka, mtoto akiwa anatazama kila kitu kama mgeni duniani, tulimkabidhi sufuria kijana aliyefika na mama yake kipofu kutoka upande wa Ntungamo. Yule mama Mnyankole tulimtafuta tumwambie "webare munonga", hatukumpata.

Tulivyorudi Nakivale tulinunua sufuria kubwa ya familia ya watu wanane, na kubwa hiyo tukasema ni ya kuazima. Baadaye ikaongezeka jembe, panga, na bidoni mbili. Utaratibu ni mwepesi. Familia ikishatoka kituo cha Kabazana na kupelekwa kwenye kipande chake cha ardhi, wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Shitingi wanayo, nguzo hawana. Unga wanao, moto hawana. Tunawapa wiki mbili. Wakipata vyao wanarudisha. Kwa miaka yote hii tumepoteza jembe moja tu, na bidoni moja iliyopasuka.

Mwezi wa sita 2022, M23 walipoichukua Bunagana, watu walivukia Kisoro, wakapitia Nyakabande, wengi wakaletwa kwetu. Kabazana ilijaa. Mama wa nyumba hii alikwenda mara nyingi, hasa kutafsiri. Ndiyo, kutafsiri nako ni kutoa. Mama anafika anajua Kinande au Kihunde peke yake, mwandikishaji anasema Kiingereza, katikati panahitajika Kiswahili na subira. Jina la mtoto likiandikwa vibaya kwenye ile karatasi ya familia, utalihangaikia miaka. Kama huna cha kupeleka, peleka mdomo wako na ukae pale mpaka jioni.

Tumefika sehemu ngumu, hatutaki kuiruka. Chakula chetu kilianza kupungua siku nyingi: mwezi wa nne 2020 WFP ilikata asilimia 30, mwaka uliofuata ikakata tena, na 2023 tukagawanywa kwa makundi kulingana na nani anaonekana ana shida zaidi. Kisha mwezi wa tano 2025, kwa kukosa fedha za wafadhili, watu karibu milioni moja katika Uganda nzima walitolewa kabisa kwenye orodha. Nyumba yetu ilikuwa humo. Na mwaka huohuo, baada ya Goma kuchukuliwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, wageni walikuwa wanashuka kila wiki.

Jioni moja mama alitoa vikombe viwili vya unga kwenye debe letu, avipeleke kwa mwanamke aliyejifungua njiani. Baba akasema hapana. Alisema hivi, na tunayaandika kwa sababu nyumba nyingi zinasema hayohayo kimyakimya: "Watoto wetu wanakula mara moja. Ukitoa hicho, nani anawapa hao wetu? Sisi si shirika." Mama akajibu kwamba mwaka 2008 aliyetupa uji wa kwanza hakuwa shirika, alikuwa mkimbizi Mnyarwanda mwenye debe kama letu. Baba akasema wakati huo debe la yule Mnyarwanda lilikuwa linajazwa kila mwezi. Na ni kweli, lilikuwa linajazwa.

Hatukulala vizuri. Asubuhi tulikubaliana: unga wa debe hautoki mpaka mavuno ya mahindi. Vinavyotoka ni vile visivyopungua, yaani sufuria, jembe, moto wa jikoni kwetu, maji ya moto ya kumwoshea mzazi na kichanga, kuchaji simu kwenye sola yetu, na ulimi wa mama. Sombe na lengalenga za shambani zinatoka pia, maana zinaota tena. Yule mwanamke aliyejifungua alikuja kuoga kwetu siku tisa. Kama tulifanya haki hatujui. Baba anasema ndiyo, mama anasema kikombe kimoja tungeweza.

Kwa ninyi wa mjini na ninyi mliokwishafika Marekani, Kanada na Norwei mnaotuuliza mtume nini: msitume marobota. Ongeeni na mtu mmoja mnayemwamini hapa, anunue vitu Base Camp kwa bei ya hapa. Sufuria zenye mifuniko, kufuli, vitambaa vya akina mama, kamba. Na tafadhali msiombe picha ya mpokeaji. Mkitaka picha tutawatumia ya sufuria.

Ile kubwa kwa sasa iko Rubondo kwa familia ya watu saba, inarudi Jumamosi. Jembe lipo. Panga limeazimwa Juru, mpini wake umelegea, mwenye seremala aseme. Mnaohitaji njooni jioni, baada ya saa kumi na moja tupo wote wawili, na mkija na mgeni asiyejua Kiswahili mtuambie mapema lugha yake tumtafute mtu.