Mfalme mwekundu, na picha ya Rais iliyo kwa kinyozi wangu

Tuanze na rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliwasha moto. Tarehe 14 Mei 2024, pale Buckingham Palace, Mfalme Charles alifunua picha yake rasmi ya kwanza ya kuchorwa tangu avishwe taji, na ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya tai ama ya zulia. Yote! Nyuma yake nyekundu, sare ya jeshi la Welsh Guards nyekundu, mikono imezama kwa nyekundu pamoja na upanga. Kitu kinachotoka nje ya huo moto ni uso tu, na kipepeo mmoja karibu na bega. Kitambaa kilipoanguka mwenyewe alishtuka kidogo. Video iko, itafute.

Aliyechora ni Jonathan Yeo. Kazi yenyewe iliagizwa 2020 na Drapers' Company, chama cha zamani sana cha wafanyabiashara wa nguo huko London, wakati Charles alikuwa bado anangoja zamu. Ndiyo maana ya kipepeo: aliingia kiwavi, akatoka mfalme. Yeo alieleza hivyo vizuri kabisa, lakini nani husoma maelezo? Watu waliona damu. Wengine wakaandika anaungua jehanamu. Kuna wale waliichukua wakaigeuza kama kwa kioo, wakaunganisha pande mbili, wakaona uso wa shetani, na TikTok ikala hiyo maneno kama omena ya bure. Mwezi haujaisha, watu wa kutetea wanyama wakaingia kwa jumba la sanaa wakabandika kichwa cha Wallace, yule mzee wa katuni anayependa jibini, juu ya kichwa cha mfalme. Picha haikuharibika. Ilikuwa na kinga mbele.

Mimi naipenda hiyo picha. Najua wengi wenu mtanitoa macho, lakini nisikize.

Picha rasmi kwa kawaida kazi yake ni kutokuambia chochote. Angalia zetu. Ingia kwa kinyozi, kwa duka la M-Pesa, ofisi ya chifu, duka la dawa, utapata ileile: suti, tai, macho ya mtu anayengoja mpiga picha amalize. Sijawahi kuona mtu Mbita akisimama mbele ya picha ya Rais akaiangalia kwa dakika moja. Inaning'inia tu hapo kama kalenda ya mwaka jana. Kwa kinyozi wangu kuna moja imekaa karibu na mlango, na jua la huku ziwani limekula wekundu wote, kwa hivyo Rais amebaki samawati kutoka nywele hadi tai. Wao wana mfalme mwekundu, sisi tuna Rais wa samawati. Tofauti ni kwamba yetu hakuna aliyeichora hivyo. Ni uzembe tu wa kutobadilisha.

Na usidhani mambo ya sura za wafalme hayatuhusu sisi wa huku. Unaogelea wapi? Mwaka 1858 Speke alisimama upande wa kusini, akaona maji, akayapa jina la malkia wake Victoria, ambaye hakuwahi kuloweka hata kidole humo. Wazee wanasema Nam Lolwe. Ramani ya simu yako inasema jina la bibi wa Kiingereza. Halafu kuna pesa. Noti za shilingi za Afrika Mashariki za mwisho wa miaka ya hamsini zilikuwa na uso wa Elizabeth. Mwaka 1964 zikatoka zingine, na pale alipokuwa malkia wakaweka mashua yenye tanga, ziwani. Hiyo ndiyo picha ya serikali ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini hatufundishwi shuleni. Walitoa uso wakaweka mashua!

Haikudumu. Jomo akaingia kwa noti, Moi akaingia kwa noti, hadi 2003 Kibaki akapata sarafu yake ya shilingi arobaini. Katiba ya 2010 ikasema imetosha: kifungu cha 231 kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa. Wakati noti mpya zilitoka Juni 2019, watu wakaangalia vizuri. Eh! Kuna KICC, na mbele ya KICC kuna sanamu ya Jomo amekaa kwa kiti. Okiya Omtatah akaenda kortini. Korti ikaziacha noti zibaki. Sasa wewe niambie kama hiyo ni picha ya jengo.

Kuhusu wekundu wenyewe. Waingereza wengi walikuwa wanacheka rangi, ni mchezo wao. Sisi hatuioni hivyo. Mnamo Februari 1952 mama yake Charles alikuwa Treetops, Nyeri, usiku ule babake alipofariki akawa malkia. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa, na kilichofuata hapo Kati mnakijua: kambi, mateso, kamba. Ilichukua hadi 2013 serikali ya Uingereza kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, ambao wakati huo ni wazee wa mkongojo. Charles alipokuja Nairobi Oktoba 2023, alisema pale Ikulu kwamba ule ukatili hauna kisingizio. Msamaha rasmi hakuomba. Kwa hivyo miezi saba baadaye anapofunua picha ametapakaa rangi ile, sihitaji kuigeuza kwa kioo nimtafute shetani. Yeo hakukusudia hiyo, sawa. Lakini mchoro ukishatoka mkononi mwa mchoraji, kila mtu anausoma kwa macho ya kwao.

Sasa fikiria kitu kimoja. Watu wote hao waliomwita mfalme nyama choma wa jehanamu walilala kwao usiku huo. Nami si mjinga wa kusema Uingereza ni mbinguni. Siku ya kuvishwa taji, Mei 2023, polisi walimshika kiongozi wa kundi la Republic na wenzake kabla hata hawajainua mabango yao. Lakini kwa kucheka picha? Hapana.

Huku kwetu Kibet Bull alichora Rais kama kivuli cheusi. Hakuna macho, hakuna mdomo, ni umbo tu, na bado kila Mkenya alijua ni nani. Kama msanii naona huo ni ustadi wa kutisha, kwa sababu ukiweza kumchora mtu bila sura na atambulike, umemshika kweli. Tarehe 24 Desemba 2024 alitoka kwa ofisi ya Omtatah, yuleyule wa kesi ya noti, akapotea. Polisi walikana kuhusika. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, akaonekana tena tarehe 6 Januari, siku moja na vijana wengine waliokuwa wamepotea.

Halafu ikaja karibu zaidi. Tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa nyumbani kwa wazazi wake hapa hapa Homa Bay, kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi. Akapelekwa hadi Nairobi, kituo cha Central. Asubuhi yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Madaktari waliopasua mwili wakasema majeraha hayo hayafanani na ya mtu kujigonga.

Tangu wiki hiyo Mama hakuniruhusu nilale kabla hajaona simu yangu. Mama huuza omena, hana hata akaunti, lakini alijifunza kufungua ukurasa wangu ili tu aone nimechora nini. "Nyathina, huyu ni nani?" ananiuliza, anaonyesha kiboko amevaa tai. Namwambia ni kiboko tu. Anasema, "Tai ya nini?" Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo hii kalamu ndiyo inalipa bando na saa zingine unga, na yeye anajua. Hajawahi kuniambia niache. Ananiambia nitoe tai.

Tai bado iko. Tunabishana hadi leo.

Ukitaka kuona picha ya kiongozi inayosema kitu, usiende London. Vuka daraja hapa Mbita uende Rusinga, hadi Kasawanga alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo la kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Hebu fikiria hao waliokaa chini wakakubaliana hivyo. Hawakuweka tabasamu wala suti mbele. Waliweka kile kilichomuua, kikubwa kiasi kwamba unaingia ndani yake. Watalii hupiga selfi hapo wakicheka, halafu wengine mlinzi akiwaeleza wananyamaza. Hiyo nyekundu ya Charles, ukiniuliza, ni mtoto mbele ya lile jengo.

Sasa nawauliza nyinyi. Ukipewa turubai ya mita mbili na nusu na uambiwe uchore Rais, rangi moja tu, ungetumia gani? Jibuni hapo chini. Andikeni rangi tu, jina la mtu msiweke, Mama atasoma.