Radi Ikipiga, Usishuke Garini

Bukoba

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesikia umekabidhiwa pikapu ya kubeba ndizi kutoka Muleba, nami nimefurahi sana. Lakini mvua za vuli zimeshaanza, na ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kwa hiyo nisikilize.

Radi ikikukuta njiani, egesha mbali na miti mirefu na nguzo za umeme, washa taa za tahadhari, pandisha vioo vyote, kisha tulia ndani. Mikono iweke mapajani. Usiguse usukani, redio wala kitasa cha mlango, na simu ichomoe kwenye chaja.

Utasikia madereva wakisema tairi za mpira ndizo zinazokinga. Si kweli. Radi iliyokata kilomita kadhaa za hewa haiwezi kuzuiwa na kipande cha mpira. Kinga ni bodi yenyewe ya gari: umeme hupita kwenye chuma upande wa nje, ukashuka ardhini, na aliye ndani akabaki salama. Mwaka 1836 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha jambo hilo kwa chumba kilichozungushiwa chuma. Umeme ulipigwa nje, ndani haukufika.

Ndiyo maana mwenye bodaboda hana kinga yoyote, ingawa naye anakwenda juu ya mpira. Na hapa ndipo moyo wangu hautulii, mpwa wangu: wale watu unaowapakia nyuma, juu ya mikungu. Wewe umefunikwa na chuma, wao wako wazi. Wingu likiwa jeusi usiwapakie kabisa. Ngurumo ikiwakuta tayari mko njiani, usingoje mvua ianze. Wafikishe kwenye shule, zahanati au nyumba yoyote imara iliyo karibu. Asikimbilie mtu chini ya mwembe.

Waya wa umeme ukiangukia gari, usishuke. Wapigie simu shirika la umeme, TANESCO, na walio nje wapigie kelele wasisogee.

Baada ya ngurumo ya mwisho, subiri dakika 30 ndipo uondoke. Tajiri wako akilalamika kwamba mzigo umechelewa, mpe namba yangu, nitazungumza naye mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako.