Picha Tunaijua, Mchoraji Hatumjui



Ukienda Oysterbay, katika Wilaya ya Kinondoni, utafika mahali panapoitwa Morogoro Stores. Hapo utawakuta watu wameinama juu ya picha za rangi kali: twiga wenye shingo zilizopinda, chui wa madoadoa, ndege wenye mikia mirefu kuliko miili yao. Picha hizo huitwa Tingatinga. Wageni huzinunua wakazipeleka Ulaya, Japani na Marekani. Sisi wenyeji twaziona tukipita. Ukimwuliza kijana wa leo Tingatinga ni nini, atakujibu kuwa ni aina ya picha, au atakutajia lile gari kubwa linalosawazisha barabara. Ni wachache watakaokwambia kuwa Tingatinga alikuwa mtu, mwenye baba na mama, aliyekula jasho lake na kufa kifo cha kudhulumiwa.

Basi na tumjue. Jina lake Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alitoka kwao kutafuta riziki kama walivyotoka vijana wengi wa kusini wakati wa mkoloni, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Hapa alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, akaishi Msasani. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Kiasi cha mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi zao za ghali. Alichukua ubao ule wa kupigilia darini, akaukata vipande vya mraba, na rangi yake ilikuwa ile ing'aayo ambayo mafundi hupakia baiskeli. Mkewe na jamaa zake wakamsaidia kuuza hapo hapo Morogoro Stores, kwa sababu Wazungu waliokaa mitaa ile walikwenda kununua vyakula. Hata alipopata ajira ya chini katika Hospitali ya Muhimbili, hakuacha kuchora.

Tazama jambo hili, ewe msomaji. Mtu hana shule wala mtaji, lakini haombi. Anatazama alichonacho mkononi, nacho ni ubao wa dari na rangi ya baiskeli, anakifanya kuwa kazi. Tena alipoona soko limepatikana hakulificha. Aliwaita ndugu na jamaa akawafundisha: Simon Mpata, Ajaba Abdallah, January Linda, Adeusi, Kasper Tedo na Omari Amonde. Nataja majina haya kwa makusudi. Mafundi wangapi mnawajua nyinyi ambao humfukuza mwanafunzi akishaanza kujua, wakichelea atawapokonya wateja?

Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa kama miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi hapa Dar es Salaam, wakidhani ni mhalifu anayewakimbia. Hakuwa mhalifu. Alikufa akiwa na umri wa kama miaka 40. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida, imemfananisha aiuaye nafsi moja pasipo haki na aliyewaua watu wote. Mimi sichimbui itikadi ya marehemu, aliyebeba jina la Edward mbele na la Saidi nyuma. Hesabu hiyo iko kwa Mola wake. Ninalosema ni kwamba damu ya mtu ina uzito, na mwenye kuitundika picha ukutani bila kulijua hilo amenunua rangi tu.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mstari wa kwanza anasubiri kuniuliza: Sheikh, je, si picha za viumbe wenye roho hizo? Ndizo. Wanazuoni wamehitilafiana. Wote wamekaza katika masanamu yenye kivuli, katika picha iliyo bapa wako waliokataza na wako waliolegeza, na pande zote mbili hurejea hadithi ya lile pazia la Bibi Aisha (R.A.) lililokuwa na picha, ambalo Mtume (S.A.W.) hakuridhia litundikwe, kisha likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Mimi chumba ninachosalia hakina picha ya chenye roho, wala sitaki iwemo. Lakini hukumu ya picha ni jambo moja, na haki ya mtu aliyeichora ni jambo jingine. Wengi wetu tumeishika ile ya kwanza tukaitumia kuisahau ya pili.

Na usidhani usahaulifu huu ni kwa picha za wanyama peke yake. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, uitazame ile milango ya nakshi, yenye maua na minyororo iliyochongwa kandokando. Utaambiwa huu ni mlango wa tajiri fulani. Aliyeuchonga ni nani? Kimya. Vivyo hivyo misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, kwa wino mweusi na mwekundu, iliyopambwa ukingoni kwa uhodari ambao leo watu husafiri mbali kuuona. Hapo hapana mnyama hata mmoja, wala hoja ya haramu haimo, na bado waandishi wengi hatuwajui.

Mwaka jana kijana mmoja niliyemsomesha madrasa hapa Temeke alinijia baada ya Alasiri. Ana mke na mtoto, naye hula kwa kuchora simba na tembo. Alikuwa ameambiwa na mwenzake msikitini, mbele za watu, kuwa anamlisha mtoto moto. Tangu siku hiyo alikuwa hasali jamaa.

Nilimkumbusha habari ya Ibn Abbas (R.A.). Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kuchora. Ibn Abbas hakumfokea. Alimwambia asogee karibu, akamwambia tena asogee, hata akauweka mkono wake juu ya kichwa cha yule mtu. Ndipo alipomwambia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), tena yalikuwa maneno mazito. Kisha akamwonyesha njia: kama hapana budi kuchora, achore miti na visivyo na roho. Kwanza mkono kichwani, halafu hukumu, halafu riziki. Yule wa msikitini alishika hukumu peke yake.

Kijana akasema wageni wanataka simba. Nikamwambia ajaribu mibuyu, majahazi, na milango ile ya Unguja. Alijaribu. Mwezi wa kwanza hakuuza kitu, nasi tuliokuwa tukisoma pamoja tulichanga unga na mchele. Mwezi wa tatu aliuza majahazi mawili. Sasa anauza, si kama zamani, lakini anauza, na amerudi safu ya mbele.

Juzi aliniletea mlango aliouchora, akaniuliza kama si kujikweza kuandika jina lake chini ya kazi. Nikamwambia aliandike, na la baba yake alifuatishe.