Sitara ya Jina



Leo nataka nikuhadithie kosa langu mwenyewe. Kosa la mtu mwingine si vyema kulitangaza, lakini langu nina ruhusa nalo, na huenda likakufaa wewe uliye na kijana nyumbani anayecheza michezo ya simu na watu asiowaona.

Mpwa wangu ana miaka 13. Jina lake sitalitaja, na sababu utaiona. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilimkuta barazani ameinamia simu, anacheza mchezo wa vita na wenzake walio mbali. Nikatazama kiooni, nikaona kila mchezaji ana jina lake juu ya kichwa, na jina la mpwa wangu silo alilopewa siku ya akika. Alikuwa amejiita Simba wa Usiku.

"Jina hili umelipata wapi?" nikamwuliza.

"Ni la mchezoni tu, mjomba. Kila mtu ana lakabu yake."

Nikakasirika. Nikamwambia kuwa mtu mwema hajifichi, na anayejificha ana jambo analolitenda. Nikamsimamia mpaka akaifuta lakabu ile na kuandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Nikaondoka pale nikijiona nimetoa malezi.

Wewe msomaji wa pwani wajua uzito wa majina matatu. Mtajie mzee yeyote wa mjini jina lako, la baba na la babu, naye atakwambia mtaa wenu na shangazi yako ameolewa wapi. Barazani jambo hilo ni la kheri, kwani anayekuuliza nawe wamjua. Mchezoni anayeuliza hajulikani.

Haukupita mwezi. Usiku mmoja baada ya isha simu ya dada yangu ikalia. Sauti asiyoijua ikamtajia jina la mwanawe, shule anayosoma na rangi ya sare yake, ikacheka, kisha ikasema: "Mwambie nimemjua." Dada yangu akatetemeka. Akafunga milango yote, na kwa wiki nzima kijana hakwenda shule peke yake.

Tulipochunguza tukaona hapakuwa na maajabu. Kijana alimshinda mtu mchezoni, wakatoleana maneno, na yule mtu akalichukua lile jina akalitafuta mtandaoni. Likamfikisha pale dada yangu anapouzia mabuibui. Pana namba yake ya simu, na pana picha ya mwanawe ndani ya sare, na chini yake pongezi zenye jina kamili na jina la shule. Funguo zote tulizitundika mlangoni sisi wenyewe, na ule wa mwisho niliutundika mimi.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma, nikakuta kuwa wakubwa wa kazi hiyo waliwahi kuwaza kama nilivyowaza. Tarehe 6 Julai 2010 kampuni ya Blizzard ya Marekani, yenye mchezo uitwao World of Warcraft uliokuwa na wachezaji zaidi ya milioni 11, ilitangaza kuwa katika mabaraza yake ya mazungumzo kila mtu ataandika kwa jina lake la kweli. Nia ilikuwa kupunguza matusi na ugomvi. Mfanyakazi wao mmoja akaandika jina lake mbele ya wachezaji kuonyesha kuwa hakuna dhara. Kwa muda mfupi wachezaji wakayachimbua mambo yake ya nyumbani na kuyatandaza hadharani. Wachezaji wengi walipinga, na wanawake wakaeleza hofu ya kufuatwa na watu wasiowataka. Tarehe 9 Julai, siku tatu tu baadaye, mkuu wa kampuni, Mike Morhaime, akatangaza kuwa amri ile imeondolewa.

Na kuna la kusikitisha zaidi. Tarehe 28 Desemba 2017, mjini Wichita, Marekani, polisi walimpiga risasi kijana wa miaka 28 mlangoni kwake, akafa. Wachezaji wawili waligombana katika mchezo wa Call of Duty kwa sababu ya dau la dola moja na nusu. Mmoja akamtolea mwenziwe anwani ya nyumba aliyokuwa akikaa zamani, na mtu wa tatu akawapigia polisi simu ya uongo kuwa ndani ya nyumba ile kuna mauaji. Aliyefungua mlango hakuwamo katika mchezo wala ugomvi. Mpiga simu yule alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019, lakini marehemu harudi.

Huenda ukaniuliza: je, lakabu haiwapi watu wabaya nafasi ya kutenda ubaya? Inawapa, wala sikufichi. Nilimwambia mpwa wangu anionyeshe aliyokuwa akiwaandikia wenziwe siku za Simba wa Usiku. Nikakuta matusi ambayo kwa jina la baba yake asingethubutu kuyatamka. Nilipomwuliza, akainamisha kichwa: "Mjomba, pale hakuna anayenijua."

Nikamwambia kuwa Mwenye kumjua yupo, usiku na mchana, kwa lakabu na bila lakabu. Hapo nikaelewa kuwa hofu yangu ya kwanza haikuwa ya bure, ila dawa niliyotoa ndiyo mbaya. Mwizi akivaa buibui akaiba, tunamshika mwizi. Hatuwavui mama zetu mabuibui. Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliweka daka, kisha tekani, ili mgeni anayebisha hodi asione ndani mpaka akaribishwe. Nani aliyewahi kuwaambia kuwa wana ubaya wanaouficha?

Basi, ndugu yangu, kaa na mwanao umwulize anajiitaje huko anakocheza. Mwache atumie lakabu, nayo isiwe na jina la ukoo wala mwaka wa kuzaliwa. Asitaje shule, madrasa wala mtaa, hata kwa rafiki wa mchezoni aliyemzoea. Nawe mzazi, kabla ya kutandaza picha na jina lake kwa furaha, fikiri ni nani mwingine atakayeitazama. Kisha mfundishe lile lililo zito kuliko yote: lisilosemeka barazani uso wake ukionekana, chini ya lakabu nako lisisemwe.

Mimi nilimwomba radhi mpwa wangu mbele ya mama yake, nayo haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Amerudi kwenye lakabu nyingine, ambayo nayo sikutajii. Na yule aliyemtukana alimwandikia kumtaka msamaha. Hakujibiwa, lakini ameandika.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na watoto wetu, na atujaalie tuwe wale wale, tunapoonekana na tusipoonekana. Amin.