Tusimsingizie Mungu



Wapendwa waamini, Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na tangu mwaka 2005 Umoja wa Mataifa umeitenga Jumapili yake ya tatu kuwakumbuka waliofia barabarani. Sisi wa Ipyana na Mbeya yote hatujasahau tarehe 11 Machi 2015, kontena lilipoliangukia basi lililotoka Mbeya, huko Mafinga, wakafa watu zaidi ya 40.

Misibani husema, “Kazi ya Mungu haina makosa.” Ni kweli, lakini mwendo kasi na ulevi ni kazi yetu. Katekisimu, namba 2290, huhesabu jambo hilo kuwa kosa zito, chini ya Amri ya Tano: Usiue. Basi, tunapopanda bodaboda “mishikaki” kwenda Kyela, tusimsingizie Mungu.

Tuwaombee marehemu, tuwalinde walio hai.