Siku nilipomnywesha Bi Subira oili nyekundu

Wenye magari mapya rukeni ukurasa. Leo naongea na sisi wa mikweche, wale ambao gari likiwaka asubuhi tunamshukuru Mungu hata kabla ya kupiga mswaki.

Langu ni Toyota Corolla la mwaka 1994, gia za mkono. Majirani zangu wa Igoma wanaliita Bi Subira, kwa sababu halina haraka na halikasiriki. Kumbe lilikuwa linakasirika taratibu, mimi ndiye niliyejifanya kiziwi.

Ilianza stelingi. Kila nikikata kona linalia "mnyiii" kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Asubuhi nikilitoa, pale lilipolala naona doa jekundu chini. Hiyo ni oili ya pawa stelingi inavuja, na dawa yake ni kubadilisha paipu. Lakini si unajua tena mambo ya ukapa? Nikanunua kopo la oili, nikaliweka kwenye buti, kila Jumamosi naongeza.

Siku moja taa nyekundu ya breki ikawaka. Nikafungua boneti, nikakuta maji ya breki yameshuka chini ya alama. Duka la spea lilikuwa hatua chache tu, ila mfukoni nilikuwa na hela ya mafuta ya kesho, basi. Nikalitazama lile kopo langu. Nikajisemea, oili ni oili bwana! Nikamimina. Taa ikazima. Nikajiona fundi.

Baada ya siku kadhaa Bi Subira akawa mzito. Mahali alipokuwa anateleza mwenyewe, sasa mpaka ukanyage mafuta. Rimu za mbele ukizigusa unaruka. Nikasingizia jua la Mwanza.

Ndipo ikafika siku ya mama kwenda kliniki Bugando. Alivaa khanga zake mpya, akakaa kiti cha mbele, mdogo wangu nyuma. Kabla hatujaondoka akaniuliza, "Gari lako zima, baba?"

"Zima kabisa, mama."

Kwenda tulikwenda vizuri. Kasheshe ilikuwa kurudi. Anayeijua hospitali ile anajua iko juu kilimani, na ukitoka unateremka. Mbele yetu mama mmoja akaanza kuvuka na beseni la ndizi kichwani. Ile kukanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Nikakanyaga tena. Hola!

"Kaka, zima gari!" mdogo wangu akapiga kelele. Mkono ukaenda kwenye ufunguo, sijui nini kikanizuia. Nikarudisha gia namba mbili, halafu moja, injini ikanguruma kama imetukanwa. Nikavuta hendibreki kidogo kidogo huku nazisugua tairi za kushoto kwenye ukingo wa barabara. Likasimama. Mama wa ndizi akapita na beseni lake, wala hakujua lolote.

Mama yangu akashuka. Akajifunga khanga vizuri, akaniangalia. "Asubuhi nilikuuliza," akasema. Akasimamisha daladala, akaondoka na mdogo wangu. Jamani, nimeshatukanwa na makonda na matrafiki, lakini sijawahi kutukanwa vile.

Bi Subira akabebwa mpaka kwa fundi mmoja mzee. Mzee akafungua kifuniko cha maji ya breki, akautoa mpira wake, umevimba kama chapati iliyotiwa hamira. Akaniuliza taratibu, "Ulimnywesha nini, kijana?" Nikamwonyesha kopo. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Akanifundisha hivi. Mipira ya breki imetengenezwa kuvumilia maji ya breki tu. Ikikutana na oili ya stelingi inavimba. Masta silinda ikivimba mipira, presha hairudi ukiachia pedeli, kwa hiyo breki zinabaki zimeshika wakati wewe unatembea. Ndiyo maana gari zito, ndiyo maana rimu za moto. Isitoshe, maji yangu ya breki yalikuwa ya siku nyingi, na maji hayo yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. DOT 3 mapya hayachemki mpaka zifike nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinaweza kushuka mpaka nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu unazama na gari halisimami.

Hendibreki iliniokoa kwa sababu inavuta tairi za nyuma kwa waya, haitegemei maji. Na ningezima gari? Mzee akatikisa kichwa. Injini ikizimika, pampu ya stelingi inasimama na usukani unakuwa mzito kama wa tingatinga. Kile kisaidizi cha breki nacho kinabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Ukizungusha ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa, usukani unaweza kujifunga kabisa. Wale washikaji wanaozima gari mteremkoni ili kubana mafuta, mmesikia?

Bili yake ilinitoa jasho: mipira ya masta silinda, ya tairi zote nne, paipu za breki, kuosha mfumo mzima, kutoa upepo, pamoja na ile paipu ya stelingi niliyoikwepa tangu mwanzo. Kopo la maji ya breki ningelinunua kwa hela ya chipsi mayai.

Siku hizi nina utaratibu. Kila wiki nafungua boneti. Maji ya breki yakishuka sijazi tu, nauliza yamekwenda wapi: yanavuja, au padi zimeisha? Kila baada ya miaka miwili nayabadilisha yote. Stelingi ikilia naangalia oili na mkanda, na sikai nimeikata mpaka mwisho huku naikaza.

Sisi wa Igoma hatuna sababu ya kufanyia mzaha mambo haya. Hapa kwetu ndipo walipozikwa wengi waliokufa na MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ile ilikuwa imejaza kupita kiasi. Zamani nilikuwa napita yale makaburi nikiwalaumu wakubwa waliosema "itafika tu". Sasa nikipita nakumbuka kwamba na mimi nilisema hivyo hivyo, tena mama yangu akiwa kiti cha mbele.

Wiki iliyopita mama alikubali kupanda tena. Akaweka mkono mlangoni, akauliza swali lile lile. Sikujibu. Nilifungua boneti kwanza.